Kodi ya Kumwona Irma

Saa kumi kasoro dakika kumi jioni, Jumanne ya pili ya Oktoba, Elwin Tatro aliweka birika la kahawa juu ya jiko la kuni, akafuta kiti cha dirishani kwa kiganja, akamngoja Glenda Roy. Glenda ndiye mthamini wa mji wetu wa Esterbrook, huku Vermont. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba na futi na fomu, apime kuta, ahesabu vyumba, atazame paa, kisha aandike thamani ya kila kitu, ili mji ujue umkamue nani na kwa kiasi gani. Tunamnung'unikia kwa hilo na tunampenda hivyo hivyo, maana ni mtoto wa hapa hapa.

Kwetu mgeni akiingia jikoni hupewa kahawa na kiti kinachotazama nje. Hata awe mtu aliyekuja kukudai. Humkalishi mtu akitazama jiko kama mtoto aliyeadhibiwa. Mlima ni wa Mungu, kahawa ni yako, na vyote viwili unatoa bila kuombwa. Elwin alikuwa na miaka sabini na minane na hakuwahi kufanya vingine. Laiti angefanya vingine siku ile moja tu, nisingekuwa na la kusimulia.

"Kaa, Glenda. Kahawa yangu haina maziwa ya lozi."

"Nani kakuomba lozi? Lete kahawa, maneno weka."

Saa kumi na dakika tano, Irma alitokea.

Irma alikuwa mke wa Elwin. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, mwezi wa Aprili, majira ya matope, hata ikabidi maziko yasubiri wiki mbili barabara ikauke. Tangu mwaka ule alirudi kila siku saa kumi na dakika tano, ambayo ndiyo saa yake ya kurudisha ng'ombe. Alivaa koti lake la buluu lenye kiraka kwenye kiwiko. Ng'ombe Elwin alishawauza, lakini Irma aliwahesabu vile vile kwa kidole. Mwaka wa kwanza alionekana juu kabisa, ukingoni mwa msitu. Mwaka wa pili alifika kwenye ukuta wa mawe. Sasa alikuwa kwenye lango la malisho, na alikuwa akisogea. Elwin alishapiga hesabu: kwa mwendo ule, mwaka mmoja mwingine, au miwili, Irma angefika mlangoni. Hakuwa na jambo jingine alilolingoja duniani.

Akitoka nje kumfuata, hayupo. Ni nyasi na upepo. Alijaribu mara mbili, akaacha. Irma alionekana kutoka dirisha la jikoni tu, kwa kuwa maisha yake yote alirudi nyumbani kwa kuifuata taa ya dirisha hilo. Basi kila siku kabla ya saa kumi Elwin aliwasha taa, hata kama jua ni kali, akaketi.

Glenda aliweka kikombe mezani.

"Yule si Irma?"

"Ndiye."

"Lile koti nilimwambia alitupe."

"Hata mimi nilimwambia."

Walimtazama mpaka alipofunga lango na kupotea. Glenda alikuwa ameimba naye kwaya ya kanisa miaka ishirini na sita, akisimama kushoto kwake. Alipenga kamasi. Halafu akafungua ukurasa wa pili wa fomu, sehemu ya mandhari, penye nafasi ya mlima, nafasi ya maji, nafasi ya malisho, na chini kabisa nafasi ya mengineyo.

"Glenda, hilo usiandike."

"Nimeshaona, Elwin. Nikishaona siwezi kusema sikuona. Nimekula kiapo."

"Na kama ningekukalisha utazame jiko?"

"Ningeandika jiko."

Aliandika. Mwandiko ulisomeka vizuri.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Mlima ulishapandishwa thamani zamani, kwa sababu watu wa Boston hulipa fedha nyingi wapate kuutazama, ingawa ulikuwapo kabla ya babu yake Elwin na hakuna Tatro aliyewahi kuuongeza hata jiwe. Sasa na mke naye aliongezwa. Kodi ilipanda kwa theluthi moja. Elwin aliuza vyombo vya kuchemshia utomvu wa miti mpaka uwe sharubati tamu, vilivyokuwa vya baba yake, akalipa kwa wakati. Akina Tatro hawajawahi kuchelewa kulipa.

Alikata rufaa. Walimsikiliza watu watatu katika ofisi ya mji, wote anawafahamu, na mwenyekiti wao alikuwa ameshakula pai za Irma zisizo na idadi.

"Elwin," alisema mwenyekiti, "wewe unataka tuandike kwamba Irma hana thamani?"

Elwin aligeuza kofia mikononi.

"Useme tu. Tutaandika."

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi na sisi hatuwezi kuandika hivyo."

Walimweleza kwamba sheria haina ubaya na mtu. Mandhari isiyoonekana kutoka ndani ya nyumba haitozwi. Kama siku moja dirisha litazibwa, aje tena, watampokea kwa mikono miwili. Elwin alisema dirisha haliwezi kuzibwa. Alivaa kofia yake akaenda zake.

Mkutano wa mji hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi. Tunakutana ukumbini, pembeni mwa makaburi, tunakaa kwenye viti vya chuma, tunapiga kura kwa mdomo, ndiyo au hapana, na saa sita tunakula maharage ya kuoka na pai. Zamani ajenda ilikuwa ya barabara, koleo la theluji, na shule. Mtu akisema ndiyo alijua anasema juu ya mfuko wake mwenyewe, kwa hiyo alisema taratibu. Siku hizi ajenda ina kurasa nne. Mwaka ule kulikuwa na maktaba ipanuliwe, njia ya baiskeli katika barabara inayolala chini ya theluji miezi mitano, na utafiti wa kujua kwa nini vijana wanahama. Elwin alisema angeweza kuwaambia bure kwa nini vijana wanahama. Watu walicheka, wakaupitisha utafiti.

Jambo la kumi na tisa lililetwa na Meredith Voss. Meredith alikuwa profesa huko Boston, akastaafu, akajenga nyumba ya vioo kwenye mteremko unaotazamana na wa Elwin. Ni mwanamke mwema. Irma alipougua, Meredith alileta supu kila siku kwa mwezi mzima, akifagia na theluji ya mlangoni. Nasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yananiuma. Mtu mbaya ungemchukia ukalala usingizi.

"Wapo wazee kati yetu wanaoishi peke yao," Meredith alisema, na alisema kwa moyo kweli, haikuwa maigizo. "Naomba tuanzishe Mfuko wa Upweke, na tuajiri mtu wa kuwatembelea. Itaongeza kodi kidogo sana. Kikombe cha kahawa kwa wiki."

Elwin alisimama. Alishika kofia kwa mikono miwili.

"Meredith, wewe ni jirani yangu, na supu yako sijaisahau. Ulitoa mfukoni mwako, ukabeba mwenyewe, ukapanda kilima. Hiyo ndiyo kutoa. Wanasema kutoa ni moyo. Sasa unataka kuwapa wazee, na mfuko zitakamotoka fedha ni wa wazee hao hao. Mimi ni mmoja wao. Mnichukulie kwa mkono huu, mnirudishie kwa ule, na njiani mumlipe mtu mshahara kwa kunibebea. Hicho kikombe cha kahawa mnachokitaja kila mwaka, mimi nimeshalipia birika zima. Niacheni na changu kidogo, nitakuwa mpweke vizuri tu bila msaada."

Watu walimpigia makofi. Hapa tunapiga makofi mtu akisema kwa adabu. Kisha msimamizi akauliza wanaokubali waseme ndiyo, na ukumbi ukasema ndiyo, kwa upendo. Wanaokataa waseme hapana. Elwin alisema hapana, nami nilisema, na mzee mwingine wa upande wa kinu. Halafu ilikuja hapana nyingine kutoka nje, kutoka makaburini, nzito, ya watu mia tatu na zaidi, waliochimba visima vyetu na kujenga shule kwa mikono, na madirisha yakatikisika kidogo.

Msimamizi alingoja itulie. Alisema kanuni iko wazi, hao hawamo kwenye daftari la wapiga kura, na asiyekuwepo na lake halipo. Wengi wape. Aligonga rungu, tukaenda kula maharage.

Bili mpya ilipokuja Elwin hakuwa tena na kitu cha kuuza ila trekta, na bila trekta kuni hazishuki kutoka msituni. Ama auze malisho, ama azibe dirisha. Akiuza malisho, Irma angekuwa anatembea katika ardhi ya mtu, na mtu huyo angejenga. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pake palikuwa jikoni.

Ilikuwa Mei. Irma alikuwa amevuka lango mapema kuliko hesabu ya Elwin, akafika kwenye mtofaa, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Elwin aliweza kuona mshono wa kile kiraka. Siku ya mwisho alimtazama mpaka mwisho. Irma alihesabu ng'ombe, akaweka kiganja juu ya macho, akaitazama taa ya dirisha. Alikuwa hajawahi kuitazama moja kwa moja namna ile. Alitabasamu. Dakika kumi baadaye Elwin alipanda ngazi kwa nje akiwa na mbao tano za banda na misumari. Alilia wakati wa kugonga, na sioni haya kulisema.

Glenda alikuja kuhakikisha. Alipewa kahawa na kiti kile kile, akakaa akitazama mbao. Kanuni inamtaka akae robo saa.

"Kuna tundu hapa," alisema mwishowe. "Fundo la mti limedondoka."

"Nimeliona."

"Mtu akiweka jicho, anaweza kuona mpaka nje." Alikohoa. "Mimi macho yangu si mazuri siku hizi. Huenda sikuliona."

"Utalionaje halafu usilione? Si umekula kiapo?"

"Elwin, nakusaidia, wewe mzee mbishi."

"Najua. Ahsante. Nitaliziba kwa nta leo hii."

Aliliziba. Ungekuwa wewe au mimi tungechungulia. Yeye alikuwa ametia saini karatasi inayosema kwamba kutoka nyumba yake haonekani mtu, na hakujua kuuambia mji uongo, hata mji huu.

Irma aliondolewa kwenye fomu. Lakini mwaka huo kiwango cha kodi cha mji mzima kilipanda, kwa ajili ya maktaba, na baiskeli, na utafiti, na upweke, na Elwin alipofungua bahasha alikuta anadaiwa karibu sawa na mwaka jana. Alikuwa ametoa dirisha na hakupata kitu. Alikunja karatasi, akauza trekta, akalipa.

Mtu wa Mfuko wa Upweke alianza kumtembelea kila Jumatano saa kumi. Alikuwa msichana mpole aliyesomea kazi hiyo. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akitazama mbao, akauliza Elwin anakosa nini zaidi maishani. Elwin alisema dirisha. Msichana aliandika mwanga. Jumatano iliyofuata alimletea taa ya umeme inayoiga jua, ya kuwekwa mezani, iliyolipiwa na Mfuko. Elwin alimshukuru kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Mwishoni mwa Oktoba simu yake ililia. Ilikuwa saa kumi na nusu.

"Elwin," alisema Meredith, "Irma yuko hapa kwangu. Jikoni. Nimemmiminia chai. Naona anakutafuta."

Elwin alichukua kofia. Kutoka kwake mpaka kwa Meredith ni kushuka bonde, kuvuka kijito, na kupanda. Alikwenda kwa miguu, na alipofika alikuwa hawezi kusema kwa kuhema. Jikoni mwa Meredith kuna kioo kutoka sakafuni mpaka darini na taa kumi na mbili. Irma alikuwa ameketi na koti lake la buluu, mbele yake mkate usio na ngano, ambao alikuwa ameusogeza pembeni kwa heshima.

"Umekonda," alimwambia Elwin.

"Na wewe uko vile vile."

"Mimi nimekufa, Elwin, nibadilike vipi?" Alimgusa mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi, lakini baridi ya mtu aliyetoka nje tu. "Nilikuwa naifuata taa. Nilipofika kwenye mtofaa ikazimika. Nikasimama pale majira yote ya joto, nikasema labda umeme umekatika. Matofaa yakaiva, yakaanguka. Nikasema basi wamehama. Nikaona taa huku, nikaja."

"Sikuhama."

"Sasa ulikwenda wapi?"

Elwin alivua kofia. Meredith alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, kisha akatoka akawaacha peke yao. Nimesema ni mwanamke mwema.

Irma aligeuka akatazama ng'ambo ya bonde.

"Ile nyumba yenye mbao dirishani, ni ya akina nani?"

"Yetu, Irma."

"Yetu?" Alisimama pale pale, akafunga vifungo vya koti. "Na moto umeuwasha? Twende, Elwin, bomba la maji litaganda. Twende."

Walitoka wameshikana mikono. Walipofika kwenye sanduku la barua la Meredith, Elwin aliona mkono wake umefumbata hewa. Alisimama hapo kidogo. Halafu akaenda nyumbani, akauchochea moto.

Kesho yake saa kumi na dakika tano Irma alikuwa kwa Meredith tena, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na taa ya kutosha. Hakukumbuka ya jana. Elwin alifika, akaketi, na Irma akamwambia amekonda. Aliuliza tena nyumba ile ni ya akina nani, Elwin akasema yetu, Irma akafunga vifungo vya koti, na kwenye sanduku la barua akapotea. Ilitokea hivyo siku nne.

Meredith alimwambia mlango uko wazi kila siku, wala asibishe hodi. Glenda alipopita kukagua, alikalishwa kwenye kiti kinachotazama nje, akageuza kichwa, akamwona Irma ndani, akamwandika kwenye mengineyo ya nyumba ya Meredith. Meredith alilipa bila kusoma, akasema ni fahari kuchangia. Naamini alisema kweli. Bi Dutton wa kinu, aliyezikwa majira ya baridi, naye ameshaanza kuonekana kwenye nyumba nyingine ya vioo karibu na ziwa, na wenyewe wanampenda sana. Wafu wetu wanafuata taa, na taa ziko kwa wanaoweza kulipia.

Machi ilikuja, tukakaa kwenye viti vya chuma. Mfuko wa Upweke uliongezwa, kwa sababu ilionekana wapweke wamezidi. Meredith alisema ndiyo. Elwin alisema hapana, makaburini wakasema hapana, na kwa urefu wa ajenda tukala maharage saa tisa. Elwin hakumaliza yake. Alitazama saa ya ukutani, akachukua kofia, akashuka bonde, akavuka kijito, akapanda.

Irma alimwambia amekonda. Alimuuliza ng'ombe wanaendeleaje, naye akasema wazima wote. Walikaa bega kwa bega mbele ya kioo kile kikubwa, na mlima ukaonekana wote, na malisho, na mtofaa, na nyumba.

"Ile nyumba yenye mbao dirishani," alisema Irma, "ni ya akina nani?"

Elwin alikuwa ameshajifunza.

"Ni ya mji, Irma."

"Maskini. Walikuwa wakiwasha taa kila jioni." Aliutazama kwa muda ule moshi mdogo uliotoka kwenye dohani. Kisha akafungua vifungo vya koti, akaegemea kiti, akakaa.